Rial 62 kutoka Muscat hadi Muheza: kampuni, hawala au bahasha ya msafiri

Swali: Dada mmoja anayefanya kazi za nyumbani Muscat ameniandikia kwamba analipwa rial 100 kwa mwezi, na kila mwisho wa mwezi hutenga rial 62 kwa ajili ya mama yake aliyeko Muheza, mkoani Tanga. Hadi sasa amekuwa akizituma kupitia kampuni yenye leseni iliyoko Ruwi, mtaa wa biashara wa Muscat, ambayo humtoza rial 1 kila anapotuma. Mwenzake wa nyumba ya jirani amemwonyesha mwenye duka la vitambaa anayetuma fedha kwa hawala, ambaye hatozi ada yoyote, anatoa bei nzuri zaidi, na shilingi zake hufika kabla ya adhuhuri. Wengine huweka fedha kwenye bahasha na kumkabidhi mtu anayerudi nyumbani. Anauliza njia ipi ina nafuu, ipi ina usalama, na iwapo hiyo hawala ni kosa la jinai au ni haramu.

Jibu: Dada yangu, umetanguliza nafuu na kufuatisha usalama, nami nitakufuata kwa mpangilio huohuo, ingawa kwa maoni yangu yote mawili yanarudi kwenye jambo moja, nalo ni nani anayewajibika kwako pale fedha isipofika.

Gharama ya kutuma fedha ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ada, ambayo imeandikwa kwenye risiti na ndiyo inayokuuma. Ya pili ni tofauti kati ya bei ya shilingi sokoni na bei unayopewa dirishani, na hii hutaikuta kwenye risiti yoyote. Kwa bahati nzuri, anayelipwa kwa rial ya Oman ana mizani ambayo mwenzake anayelipwa kwa euro hana. Tangu mwaka 1986 thamani ya rial imefungwa kwenye dola ya Marekani, rial moja kwa takribani dola 2.6, na haijabadilishwa hadi leo. Kwa hiyo chukua bei ya dola inayotangazwa na Benki Kuu ya Tanzania, izidishe kwa 2.6, na utapata thamani halisi ya rial yako kwa siku hiyo, hata kama una simu ya kitochi na kipande cha karatasi tu.

Tuchukue siku ambayo dola ni shilingi 2,500. Naitumia kwa sababu hesabu yake ni nyepesi, si kwa sababu ndiyo bei ya leo. Ukitumia thamani kamili ya dola 2.6008, rial moja ni shilingi 6,502, na rial zako 62 ni shilingi 403,124. Kampuni inakata rial 1 ya ada, zinabaki 61, na tuseme inakupa shilingi 6,290 kwa kila rial. Mama anapokea shilingi 383,690. Zimepungua shilingi 19,434, yaani karibu asilimia 5, na katika hizo ada uliyokuwa ukiilalamikia ni 6,502 tu. Shilingi 12,932 zilizobaki zimeliwa na bei ya kubadilishia, kimyakimya. Ndiyo maana tangazo linalosema "tuma bila ada" halinisisimui hata kidogo, kwa kuwa mwenye kampuni hajafungua duka kwa ajili ya sadaka, na asipochukua kwenye ada atachukua kwenye bei.

Mwenye duka la vitambaa naye, tuseme, anakupa shilingi 6,470 bila ada. Mama anapokea shilingi 401,140, ambazo ni 17,450 zaidi ya zile za kampuni, na kwa mwaka mzima tofauti hiyo inapita laki mbili. Siwezi kukuambia kwamba fedha hiyo ni ndogo. Kwa mama wa Muheza ni sare, madaftari na michango ya shule kwa watoto wawili, na mtaalamu anayekuambia uipuuze kwa sababu tu sheria imesema hivi au vile hajawahi kuhesabu sarafu za mwisho wa mwezi.

Anawezaje kutoa bei hiyo? Anaiweza kwa sababu rial zako anazihitaji. Ukimkabidhi, anaandika daftarini jina la mama, namba ya simu na kiasi, kisha anamtumia ujumbe mshirika wake aliyeko Tanga au Kariakoo, naye mshirika anatoa shilingi kwenye droo yake. Hakuna noti iliyovuka bahari. Kilichovuka ni deni, kwani sasa mtu wa Muscat anadaiwa na mtu wa Kariakoo. Deni hilo hulipwa kwa mzunguko, maana Kariakoo kuna mfanyabiashara mwenye shilingi nyingi anayetaka kuleta kontena la vitenge au vipuri vya magari kutoka Dubai, ambako shilingi hazina kazi. Anampa yule mshirika shilingi zake, na rial zako zinakwenda kulipia mzigo wake. Kwa maneno mengine, wewe na yule mfanyabiashara mmebadilishana fedha bila kujuana, na madalali wawili wamebaki na kidogo katikati.

Utaratibu huu ni wa zamani kuliko benki yoyote ya Afrika Mashariki. Lugha yetu yenyewe inaushuhudia, kwani neno hawala tumelitoa kwa Waarabu, na hundi, ambalo leo mtumishi wa benki ya Dar es Salaam analitumia kwa karatasi ya kuidhinisha malipo, limetoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, waliokuwa wakiandikiana hundi kati ya pwani yetu na Bara Hindi. Wakubwa wetu waliotumiana fedha kwa posta waliita karatasi ile hawala bila kufikiria kwamba siku moja neno hilo litasikika kama tuhuma.

Kuna nyakati ambapo dalali atakupa hata zaidi ya mizani niliyokupa. Mwaka 2023, dola zilipoadimika Kenya na Tanzania, waagizaji wa bidhaa walikuwa tayari kununua fedha za kigeni kwa bei ya juu kuliko iliyotangazwa. Ukikutana na hali hiyo, jiulize kwa nini aliye upande wa pili hakwenda benki. Huenda benki imemwambia asubiri wiki tatu, na hilo halina ubaya mkubwa. Huenda amepunguza thamani ya mzigo kwenye nyaraka za forodha na anatafuta njia ya kulipa kiasi kilichobaki bila kuonekana. Na huenda shilingi anazozitoa hazikupatikana kwa biashara yoyote inayoweza kutajwa. Wewe uliyeko Muscat huna namna ya kujua ni yupi kati ya hao watatu, na hapo ndipo suala la usalama linapoanza.

Nilikaa kaunta ya fedha za kigeni ya benki moja ya Dar es Salaam kwa miaka kumi na moja. Siku moja alikuja mzee mmoja, fundi seremala, akiwa na kipande cha karatasi ya sigara kilichoandikwa tarakimu sita. Mwanawe alikuwa amekabidhi mshahara wa miezi minne kwa dalali wa Ghuba, na tarakimu zile ndizo zilizokuwa ufunguo wa kuchukulia fedha. Dalali wa huku alikuwa amefariki ghafla, na wanawe waliofungua daftari lake walikuta vifupisho na alama ambazo hakuna aliyeweza kuzisoma. Hawakumdhulumu, maana hawakuwa wakijua wanadaiwa nini. Mzee alikuja benki kwa sababu aliamini kwamba palipo na fedha benki lazima ijue. Nilichoweza kumpa ni kiti na maji ya kunywa.

Hapa ndipo ninapotaka utulie. Unapompa dalali rial 62, hujatuma fedha, umemkopesha. Hawala ni deni, na deni lina nguvu sawa na aliyelibeba. Kama mwenye duka yuko Ruwi miaka ishirini, ana mke na watoto pale, anafahamika msikitini, na watu wa Tanga wanaomtumia ni mamia, basi deni hilo limeshikwa na heshima yake, na heshima ni dhamana yenye nguvu kuliko wengi wa mjini wanavyodhani. Lakini heshima hiyo humlinda anayeweza kuiharibu. Muuzaji mwenzake akidhulumiwa atasema sokoni, na sokoni watasikia. Wewe unatoka nyumba ya mwajiri mara moja au mbili kwa mwezi, huna ndugu Ruwi, na sauti yako haifiki barazani kwake. Dhamana ambayo ni chuma kwa mfanyabiashara mwenzake yaweza kuwa uzi kwako.

Liko jambo jingine ambalo watu hawalitazami, nalo ni simu ya mama. Mwambie akusomee ujumbe anaoupata fedha inapoingia. Akipokea kutoka kampuni yenye leseni, ujumbe hutaja kwamba fedha imetoka nje ya nchi na huwa na namba ya muamala inayolingana na risiti yako. Akipokea kutoka kwa dalali, ujumbe utaonyesha jina la mtu asiyemjua, mara leo kijana wa Kariakoo, mara mwezi ujao wakala wa Mabanda ya Papa. Siku mmoja wa hao akikutwa na fedha za wizi wa mitandaoni, wale wanaotuandikia "ile hela itume kwenye namba hii", polisi watafuata alikopeleka fedha, na laini ya mama itakuwa mojawapo. Nimewahi kumsaidia mjane mmoja ambaye laini yake ilizuiwa kwa wiki kadhaa kwa sababu ya aina hiyo, na swali aliloulizwa kila alikokwenda lilikuwa moja, kwamba huyu aliyekutumia ni nani wako. Mama yako ataulizwa hivyohivyo, naye atajibu kwamba fedha imetoka kwa binti yake aliye Oman, jibu ambalo ni la kweli na ambalo karatasi zote zitalikana.

Kuhusu sheria, nitasema kwa kifupi. Oman, biashara ya kutuma fedha inahitaji leseni ya Benki Kuu ya nchi hiyo, na mwenye duka la vitambaa, kwa jinsi ulivyomweleza, hana. Falme za Kiarabu wao wamechagua kuwaandikisha watu wa hawala na kuwasimamia, kwa hiyo usichukue habari uliyoisikia kwa rafiki aliyeko Dubai ukaitumia Muscat. Kwetu pia leseni ni lazima, na Kenya ina kanuni za mwaka 2013 zilizotungwa mahsusi kwa kampuni za kutuma fedha. Wanaotafutwa zaidi ni madalali, lakini mgeni anayeishi kwa kibali kilichofungwa kwa mwajiri wake hana nafasi kubwa ya kujieleza akikutwa dukani siku ya msako.

Kuhusu uharamu, mimi si sheikh, na swali hilo lipeleke kwa wenyewe. Ninachojua ni kwamba hawala kama uhamisho wa deni ni mlango unaojulikana katika vitabu vya fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, na wanachuoni hawaukatai. Wanapojadiliana zaidi ni kwenye kubadilisha fedha ya aina moja kwa nyingine bila makabidhiano ya papo kwa papo, na mjadala huo unaigusa kampuni ya Ruwi sawasawa na duka la vitambaa.

Usinielewe kwamba naona hawala ni genge la wahalifu. Wasomali walioporomokewa na serikali na mabenki yao mwaka 1991 waliishi kwa hawala, na miji yao ilijengwa upya kwa hawala. Novemba 2001 Marekani ilipoifunga Al Barakaat, iliyokuwa kampuni kubwa ya aina hiyo, walioumia kwanza ni familia zilizokuwa zikisubiri fedha ya chakula. Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya nayo ilisimamisha kampuni 13 za Kisomali za kutuma fedha, na ikaziruhusu tena baada ya miezi miwili hivi, baada ya kilio kikubwa. Kwa upande mwingine Dahabshiil, iliyoanzia Burao mwaka 1970, leo ina leseni katika nchi nyingi na inakaguliwa kama wengine. Kwa hiyo kati ya njia rasmi na zisizo rasmi hakuna ukuta. Kuna ngazi, na wengi waliopo juu walianzia chini. Tatizo langu na mwenye duka lako ni kwamba yuko kwenye kipandio cha chini kabisa, na wewe ndiye unayemshikia ngazi.

Nayo njia rasmi isikudanganye kwa mazulia yake. Kosa linalochelewesha fedha kuliko yote ni majina. Kitambulisho cha taifa (NIDA) cha mama kina majina matatu. Wewe unaandika mawili, au unaandika jina analoitwa mtaani. Laini ya simu nayo ilisajiliwa kwa alama za vidole za mjukuu kwa sababu siku ile mama alikuwa anaumwa. Mfumo wa kampuni ukikuta majina hayalingani, unazuia, na fedha inaweza kukaa hewani siku nyingi huku kila dirisha likikuelekeza kwa lingine. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kuhusu utakatishaji wa fedha Oktoba 2022 na ikaondolewa Juni 2025. Katika miaka hiyo maswali ya mabenki yaliongezeka, na yakishazoeleka hayapungui haraka. Aidha, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ndizo ghali zaidi kutumiwa fedha duniani kwa hesabu za Benki ya Dunia, wastani ukiwa umezunguka asilimia 8 kwa dola 200, ilhali nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana kushusha gharama hiyo hadi chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Asilimia 5 yako ya Muscat, kwa masikitiko, ni afadhali.

Hatari moja ya njia rasmi hukuitaja, nami nimeikuta kwa dada wengi wa Ghuba, kwa hiyo naitaja bila kuulizwa. Mwajiri anajitolea kukutumia fedha kwa programu ya simu yake ili usisumbuke kwenda mjini. Inawezekana anafanya kwa wema kabisa. Lakini risiti inatoka kwa jina lake, na siku mkikosana utakuwa huna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba ulilipwa miezi saba na hukulipwa mitano. Risiti zenye jina lako, zilizopangwa kwa tarehe, ni shahidi ambaye ubalozi au ofisi ya kazi itamsikiliza. Daftari la mwenye vitambaa halitakusaidia huko, kwa kuwa hatakubali hata kwamba lipo.

Bahasha ya msafiri haina mengi. Haina ada wala makato, na ukimpa ndugu wa damu anayeshukia Tanga ni sawa na kuipeleka mwenyewe. Ila ukimpa mtu uliyemfahamu kwenye foleni, ujue kwamba naye ana watoto wanaomsubiri uwanjani, na noti za rial zitakazofika zitabadilishwa na kijana wa mtaani kwa bei anayoijua yeye. Itunze njia hiyo kwa dharura.

Basi ningekuwa mimi, ningebaki kwenye njia yenye leseni, lakini nisingebaki kwa kampuni ile ile bila kuishindanisha na nyingine. Ruwi ina maduka mengi ya kubadilisha fedha yaliyoko hatua chache baina yao, na bei zao hazilingani. Siku moja ya mapumziko, kabla hujatuma, ingia matatu na uulize sentensi moja tu: nikikupa rial 62 zote, ada ikiwa ndani yake, mama yangu atapokea shilingi ngapi kwenye simu? Usiulize ada, usiulize bei, uliza kitakachofika. Katika mfano wetu, kampuni ikipandisha bei yake kutoka 6,290 hadi 6,400 huku ada ikibaki ile ile, mama anapata shilingi 390,400, na pengo kati yake na dalali linashuka kutoka 17,450 hadi 10,740 kwa mwezi. Hiyo iliyobaki mimi ningeilipa kwa moyo mweupe kama bei ya risiti, ya jina langu kwenye ujumbe wa mama, na ya usingizi.

Kama ada ni ileile kwa kiasi kidogo na kikubwa, kutuma kila baada ya miezi miwili kunaokoa ada sita kwa mwaka, lakini fanya hivyo ikiwa tu una akaunti ya benki ya kuwekea. Rial 62 za taslimu chini ya godoro la chumba cha kazi hazina ulinzi. Hakikisha laini ya mama imesajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe, aende kwa wakala akathibitishe, na umwombe akupigie picha ya kitambulisho ili uyanakili majina herufi kwa herufi. Ukibadilisha kampuni, anza na rial 5 na usubiri zifike. Na usisahau ya kutolea, maana makato ya wakala wa Muheza hayamo kwenye hesabu yoyote niliyokupa hapo juu. Kama mama ana akaunti ya benki yenye tawi au wakala karibu, uliza pia kiasi kitakachofika kwa njia hiyo, kwa sababu wakati mwingine ndiko kwenye unafuu.

Ukishapata majibu ya maduka hayo matatu, niandikie takwimu zake pamoja na bei ya dola ya siku hiyo, tuzipige hesabu pamoja.